Vepu inachemka mkononi, kibovu koili au betri?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi niko Chumbageni hapa hapa Tanga, nina vepu (sigara ya umeme) ya bomba, ile haina skrini wala sakiti, unabonyeza tu betri inapeleka moto kwenye koili, ule waya wa kuchemka. Koili nimesuka mwenyewe, mita inasoma omu 0.4, betri ni 18650, ile ya duara ndefu, nimeitoa kwenye laptop mbovu. Nimegawa 3.7 kwa 0.4 nikapata ampea 9 na ushee, naona sio nyingi, ila nikivuta mara mbili bomba linaniunguza kiganja. Kibovu nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mi hiyo kitu sivuti na ningekuwa jirani yako ningeshakunyang'anya, ila umeuliza umeme basi tuongee umeme. Kugawa umegawa sawa, namba ndo zimekudanganya, zote mbili.

Hiyo 3.7 ni ya wastani, betri ikitoka kwenye chaji ina volti 4.2 na hapo ndo unaanza kuvuta, kwa hiyo piga hesabu na 4.2. Halafu mita sasa. Chukua waya zake, nyekundu na nyeusi, zigusanishe ncha kwa ncha bila koili uone inasoma ngapi. Mita yangu ya bei chee hapa kibandani Ngamiani inasoma 0.2, yaani hizo ni waya tu hamna kitu kingine, na kama yako iko hivyo basi kwenye 0.4 toa 0.2, koili yako ni 0.2. Gawa upya: ampea 21! Pasi ya wati 1000 ukutani inavuta ampea 4 na kitu (naongelea ampea, sio wati, usinichanganye).

Na betri za laptop nyingi ni za kutoa ampea 4 mpaka 6 hivi, taratibu. Hata ingekuwa 0.4 kweli bado ungevuta 10 na nusu. Ukiilazimisha, joto linazaliwa ndani ya betri yenyewe, ndo hilo linakuunguza, na likizidi betri inapasuka ndani ya chuma kilichofungwa, tena karibu na meno yako, na sakiti ya kukata hamna.

Acha kuitumia leo. Suka koili ya 0.6, hapo unavuta ampea 7, na ununue betri mpya ya kutoa ampea 20 mfululizo. Ukiona imeandikwa mAh 9900 (hiyo mAh ni ujazo wa chaji) rudisha, 18650 ya kweli haifiki hata nusu ya hapo. Angalia na ganda la plastiki kule juu karibu na chanya, likichanika kidogo tu usiitie, maana mwili mzima wa betri ni hasi. Mfukoni usiichanganye na funguo wala sarafu, ni shoti hiyo.

Ile ya laptop ishachemshwa, mi hata kwenye tochi siiweki. Zibe ncha zote mbili kwa tepu na usiitupe jalalani, taka za mtaani huwa zinachomwa.