Kuku Wangu Wamevaa Tai

Mtoto wa dada yangu alikuja likizo mwezi wa sita, akasimama mlangoni pa banda, akaniuliza, "Mama mdogo, mbona kuku wako wamevaa tai miguuni?" Nilicheka, maana tangu lini kuku na tai wakapatana. Lakini hakukosea. Ni zile tai za plastiki za kufungia nyaya, mafundi wanaziita kebo tai, zinazouzwa kwa pakiti kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Utepe wenye meno madogo upande mmoja, na kichwa chenye tundu mwishoni. Ukipitisha mkia kwenye tundu na kuvuta, inalia krrr, na hapo hairudi tena nyuma.

Mimi huzifunga kwenye miguu ya kuku wa kienyeji ili nijue nani ni nani. Huu ni mwaka wa sita hapa Mlandizi, mkoani Pwani, na karibu kila kosa linalowezekana nimeshalifanya. Wengi mmeniuliza kuhusu picha niliyowahi kuiweka ya koo, yaani kuku jike anayetaga, mwenye tai ya bluu mguuni, kwa hiyo leo nakaa chini nieleze vizuri.

Kwanza, kwa nini uhangaike? Kuku watano unawajua kwa sura. Kuna kishingo asiye na manyoya shingoni, kuna kibutu asiye na mkia, kuna kidimu mwenye manyoya yaliyopinda kama ametoka kwenye upepo. Wakifika thelathini, na nusu yao ni wekundu wa mama mmoja, macho yanakudanganya. Bibi yangu alikuwa akichana kipande cha kanga kuukuu na kukifunga mguuni. Kazi ilifanyika, lakini kitambaa kikilowa kinajikaza, nyuzi zinachomoka na kuuzunguka mguu, na baada ya masika unakuta kuku anachechemea. Ng'ombe mambo yake yamenyooka, anavishwa hereni, na Tanzania ina sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo tangu mwaka 2010. Kuku hana sikio la kutoboa. Amebaki na mguu.

Sasa tai yenyewe. Haikutengenezwa kwa ajili ya kiumbe hai, na ukilikumbuka hilo utaepuka nusu ya matatizo. Ilibuniwa mwaka 1958 na Maurus Logan, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Thomas & Betts huko Marekani, baada ya kuona mafundi wa ndege wakifunga mafungu ya nyaya kwa kamba, fundo baada ya fundo, mikono ikichubuka. Alitaka kitu kinachokaza na kubaki kimekaza. Waya haunenepi. Mguu wa kuku unanenepa.

Dukani utakuta upana mbalimbali. Kuna nyembamba ya milimita 2.5, na hiyo nakuomba usiiguse. Inakaa mguuni kama uzi, na ikibana inakata. Mimi natumia ya milimita 3.6 kwa mitetea inayokua, na ya milimita 4.8 kwa kuku waliokomaa. Hiyo ya 4.8 hustahimili mvuto wa takriban kilo 22 kabla ya kukatika, na koo wangu mzito hafiki kilo mbili. Maana yake, kuku akinasa tai kwenye msumari wa banda, tai haitakatika kumwokoa. Kabla ya kuanza kuwavisha, pita bandani na nyundo.

Kuna pia tai zenye kibao kidogo cha kuandikia, ambazo mafundi huandika jina la waya. Nilizipenda sana. Nikaandika namba 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino usiofutika, nikajiona mtaalamu. Baada ya wiki tatu wino ulikuwa umesuguliwa na mchanga, na vibao vyenyewe vilikuwa vinadonolewa na kila mpita njia. Kuku ni mdaku, kitu kinachoning'inia hakimwachi salama. Nilivikata vyote, nikarudi kwenye rangi.

Kufunga. Hapa naomba usome polepole.

Subiri jioni, kuku wakishapanda kulala, hutahitaji kumkimbiza mtu. Mmoja ashike kuku kwapani, mwingine afunge. Tai inakaa juu ya vidole na chini ya goti, sehemu ile yenye magamba. Weka kidole chako kidogo kando ya mguu, zungusha tai juu ya vyote viwili, vuta taratibu ukihesabu meno, kisha toa kidole. Nafasi inayobaki ndiyo kipimo. Tai izunguke na kupanda na kushuka bila shida, lakini isiwe pana kiasi cha kuvuka vidole au kukiacha kidole cha nyuma kipenye ndani. Kuku mwenye kidole kilichoingia kwenye tai anatembea kama aliyevaa kiatu cha mtu mwingine, na usiku mmoja unatosha kumvimbisha.

Jogoo funga juu ya kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, siyo chini yake. Kipi kinaendelea kukua, na tai iliyo chini haitatoka tena bila vita.

Kisha kata mkia. Ukiuacha mrefu, mtoto atauvuta au utanasa kwenye wavu, na kila ukivutwa tai inakaza jino moja zaidi. Nakata kwa kikatakucha kikubwa, nikiacha milimita mbili tatu, halafu napitisha tupa ya kucha kwenye ncha. Ncha ya nailoni iliyokatwa mshazari ni wembe. Kovu nililo nalo kwenye kiganja halikutokana na kisu.

Na sasa kosa langu kubwa. Mwaka wa pili nilifunga mitetea kumi na minne wakiwa na miezi miwili, tai zikiwa na nafasi nzuri kabisa. Nikasafiri kwenda kuuguza mgonjwa Tanga, nikakaa wiki saba. Aliyebaki nyumbani alilisha, akanywesha, akaokota mayai, lakini sikuwa nimemwambia kuhusu miguu. Niliporudi, watatu walikuwa wanachechemea. Mmoja, mwekundu mwenye shingo ya dhahabu, tai ilikuwa imezama kabisa. Nyama ilikuwa imepanda juu yake pande zote mbili, huwezi hata kuona rangi. Nilikaa naye kwenye kigoda, mguu umelowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikaingiza mpini mwembamba wa kijiko chini ya plastiki, nikakata. Wawili walipona. Huyo wa tatu vidole vilikuwa vimeshakufa, vikakauka na kudondoka. Aliishi, na akataga, lakini kila nikimwona akirukaruka kwenda kwenye sahani ya maji nilikuwa najua ni kazi ya mikono yangu.

Ukikuta tai imeanza kubana, kata siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi. Safisha, paka aidini au ile dawa ya zambarau, na mtenge kuku huyo mpaka kidonda kikauke, kwa sababu wenzake wakiona damu watamdonoa hapo hapo. Ikiwa mguu umevimba mpaka juu na una joto, mwite afisa mifugo, usijifanye daktari.

Tangu hapo vifaranga chini ya wiki nane siwafungi kitu. Kuanzia wiki ya nane nakagua Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, kwa kidole, siyo kwa macho. Magamba yanadanganya ukiangalia kwa mbali. Tai ya kwanza huwa naibadilisha wiki ya kumi na mbili, ya pili wiki ya kumi na sita au kumi na nane, na ile ya ukubwani naifunga mtetea akishaanza kutaga. Jogoo wanaongezeka unene haraka kuliko majike, kwa hiyo wao nawakagua kila wiki. Tai ni vitu vya bei nafuu, usione uchungu kuikata nzima na kufunga mpya. Ukiona huwezi kujibana na ratiba hiyo, nenda duka la pembejeo ununue pete za plastiki zilizojiviringa kama springi. Zile hupanuka mguu unapokua. Ubaya wake hudondoka, na utazikuta kwenye takataka bila mwenyewe.

Rangi nazo zina mambo. Kijani inapotea kwenye majani. Nyeupe baada ya mvua moja inakuwa rangi ya matope. Nyeusi ndiyo inayovumilia jua kuliko zote, kwa sababu ya masizi yanayochanganywa kwenye plastiki, lakini kwenye mguu wa kuku mweusi huioni. Nyekundu niliiacha baada ya kuona vijana wa bandani wanaidonoa kana kwamba ni damu. Zilizobaki kwa kuku wangu wa kudumu ni bluu, njano na machungwa. Nazo jua la Pwani linazila, ya njano ya mwaka juzi sasa ina rangi ya ugali wa dona. Nailoni iliyopigwa jua muda mrefu inakuwa kavu na kukatika ghafla, kwa hiyo hata kuku mkubwa ambaye mguu hauongezeki nambadilishia kila mwaka. Pakiti iliyofunguliwa ifunge vizuri na uiweke ndani, mbali na dirisha. Nailoni inahitaji unyevu kidogo ili ipinde bila kuvunjika.

Mpango wangu ni huu: mguu wa kulia ni mwaka wa kuzaliwa, mguu wa kushoto ni ukoo wa mama. Basi. Niliwahi kujaribu tai mbili mbili kila mguu, na ya tatu kwa ajili ya chanjo, nikashindwa kusoma kuku wangu mwenyewe. Chanjo ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku wengi, tunawadondoshea jichoni wote siku moja, kila baada ya miezi mitatu, na hilo linaandikwa kwenye daftari, siyo mguuni. Isipokuwa wageni: kuku yeyote aliyenunuliwa mnadani anavishwa nyeupe na kukaa peke yake wiki tatu, na mtu yeyote wa nyumbani akimwona mwenye nyeupe yuko nje na wenzake anajua kuna aliyeacha mlango wazi.

Daftari ndilo linalofanya kazi, tai inakuonyesha ukurasa tu. Hili nilifundishwa na jirani. Mwaka juzi koo wangu mwekundu, mwenye tai ya bluu kulia, hakurudi. Siku ya tatu nikamwona kwake, anachakura chini ya mpapai.

"Shoga, huyo si kuku wangu?"

"Wako vipi? Ona tai yake. Wangu wote wana bluu."

Kumbe na yeye alikuwa ameona wazo, akaenda duka lile lile, akanunua pakiti ile ile. Sikuwa na la kusema. Tulipelekana kwa mjumbe, mzee mtaratibu, ambaye alisikiliza, akaomba daftari langu, akasoma: mwekundu, kucha ya kidole cha kati kushoto imevunjika, doa jeupe chini ya bawa la kulia. Akainua bawa. Doa lilikuwepo. Lakini bado hakuhukumu. Alisema tusubiri magharibi. Tukamwachia kuku katikati ya njia, kati ya nyumba mbili, tukasimama kimya kama watu walio msibani. Kuku akatazama huku, akatazama kule, akajikung'uta, akatembea moja kwa moja mpaka bandani kwangu, akapanda juu ya fito yake. Jirani akasema, "Haya, nenda, mjeuri wewe." Hakuna aliyenuna.

Daftari hilo hilo liliniondoa usingizini kuhusu nani anastahili kula pumba zangu. Nilikuwa na kishingo mkubwa, mzuri, kila mgeni akimsifia. Nilidhani ndiye mama wa banda. Nilipoanza kuandika tai ya kila koo niliyemkuta kwenye kiota, kishingo alionekana mara mbili kwa miezi miwili. Yule mdogo mwenye tai ya njano na ya bluu, ambaye nilikuwa nimemtengea sikukuu, alikuwa anataga bila kelele, na alipoatamia mayai kumi na mawili, siku ya ishirini na moja alitoka na vifaranga kumi na mmoja. Sikukuu tulimla kishingo. Ukoo nao unanisaidia upande wa jogoo, maana naona kwa mguu tu kijana gani ni mtoto wa nani, na namuuza au kumbadilisha na wa mbali kabla hajaanza kuwapanda mama na dada zake.

Unapomuuza kuku, mkatie tai kabla hajatoka getini. Mnunuzi hajui ratiba yako ya Jumamosi, na tai uliyoifunga wewe itaendelea kukaza huko aendako.

Jirani na mimi sasa tunanunua pakiti pamoja na kugawana. Juzi tulikuwa kaunta, muuza duka akatuuliza tunafunga nyaya za nini kila mwaka, tukamwambia ni umeme wa nyumba mbili. Jirani kachukua tai za machungwa zote. Bluu imebaki kwangu.