Swali la Kwanza Litoke Mtaani

Miaka michache iliyopita, makumbusho ya sayansi ninakofanya kazi ya uelimishaji yaliandaa maonyesho makubwa kuhusu maji. Tulijiandaa miezi minane. Kulikuwa na umbo la molekuli ya maji lililozunguka juu ya vichwa vya wageni, chombo cha kuonyesha mvuke unavyorudi kuwa matone, na vibao vya maelezo vilivyopitiwa na wataalamu watatu kabla ya kubandikwa. Shule zilikuja kwa mabasi. Majirani zetu, watu wanaoishi mwendo wa dakika tano kutoka langoni, hawakuja. Kila jioni nilifungua daftari la wageni na kupitisha kidole kwenye safu ya mahali mtu anakotoka, nikitafuta jina la mtaa wetu, nisilione.

Kisha asubuhi moja akafika mama mtu mzima. Hakutaka tiketi. Alikuwa na jambo moja la kuuliza: mvua ikinyesha, maji ya kisima chao hubadilika rangi na kuwa na harufu, je, yanafaa kunywa? Nilifurahi sana, nikamwingiza ndani. Tulipita kielelezo kimoja baada ya kingine kwa karibu saa nzima, na hakuna hata kimoja kilichogusa swali lake. Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale nikiwa na uchungu, maana tulikuwa tumetumia miezi minane kujibu maswali ambayo hakuna jirani aliyetuuliza.

Ushauri wangu kwa wenzangu wa makumbusho, vituo vya sayansi na shule umetoka kwa mama yule. Kabla hamjachora kielelezo chochote, tafuteni swali ambalo watu wa karibu yenu tayari wanalo, na hilo ndilo liwe kazi yenu. Mengine nitakayosema hapa yanaota juu ya shina hilo.

Wapo waliotutangulia katika hili. Mwaka 1967 Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilifungua makumbusho ya mtaa katika eneo la Anacostia, jijini Washington, ndani ya jengo lililokuwa ukumbi wa sinema. Mkurugenzi wake, John Kinard, alikuwa mchungaji na mtu wa kazi za jamii. Mwaka 1969 makumbusho hayo yaliweka maonyesho kuhusu panya, kwa sababu panya ndio waliokuwa wakiwasumbua watu wa pale majumbani mwao. Waliwekwa panya hai, wageni wakawatazama wanavyoishi, wakaelezwa magonjwa wanayobeba na namna ya kuwadhibiti. Kila nikilifikiria hilo napata nguvu. Ndani ya panya mmoja mna biolojia, mna afya, mna usafi wa mji na hata siasa ya nani huzolewa taka na nani husahauliwa. Mgeni hakuhitaji kubembelezwa apende somo, kwa kuwa somo lilikuwa limeshaingia nyumbani kwake usiku uliopita.

Sasa, swali la watu hulipati kwa kuwaita mkutanoni kwenye ukumbi wenu. Tulijaribu. Walikuja wachache, wakakaa viti vya nyuma, na nilipowauliza wangependa kujifunza nini kuhusu sayansi, walinitajia kompyuta na sayari. Walikuwa wakinipa jibu walilodhani nalitaka. Nenda wewe kwao. Nenda wanakokutana kwa shughuli zao, ukiongozana na mtu wanayemfahamu, na umwache yeye aanze kuzungumza. Usilitaje neno sayansi. Uliza ni nini kimebadilika mtaani tangu walipohamia. Uliza ni jambo gani linawasumbua kila mwaka msimu uleule. Uliza watoto wao huwauliza nini wakashindwa kujibu. Hilo la mwisho halijawahi kuniangusha, kila mzazi analo la kusimulia. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Mtu akisema maji yana "harufu ya kutu", usiandike "mabadiliko ya ubora wa maji". Siku ya kuandika vibao utayahitaji maneno yale, maana ndiyo watakayoyatambua kuwa yao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa makumbusho tumezoea kuwa wenyeji. Tukiwa wageni, tunagundua kwamba tunaowafuata wana elimu ambayo sisi hatuna. Mwaka 1992 mtafiti Luis Moll na wenzake walichapisha kazi yao ya Tucson, Arizona, ambako walimu walikwenda majumbani kwa wanafunzi wao ili wao, walimu, ndio wajifunze. Walikuta familia zenye ujuzi mwingi wa kilimo, mifugo, ujenzi, uchimbaji madini na ufundi wa kutengeneza vitu, ujuzi ambao shule haikuwahi kuuuliza. Waliuita hazina ya maarifa.

Hazina yetu ilikuwa mzee mmoja mchimba visima. Alichukua kijiti, akatuchorea ardhini tabaka za udongo wa mtaa wetu, wapi mchanga unaanza, wapi kuna mfinyanzi unaozuia maji yasishuke, na wapi ukichimba utapoteza siku zako bure. Rafiki yangu wa jiolojia aliyekuwa pembeni aliinama akaanza kunakili. Mchoro ule ndio uliokuja kuwa kielelezo cha katikati katika maonyesho yetu ya pili, yaliyoanzia kwenye swali la mama yule: mrija mpana wa kioo wenye tabaka zilezile, unamimina maji juu na kuona yanavyosafiri. Mzee alikuja kila Jumamosi kuueleza, naye alilipwa kama mtaalamu mwingine yeyote. Hapo naomba msikwepe. Mkimlipa mshauri kutoka chuo kikuu na kumpa mchimba visima soda na shukrani, mtaa mzima utajua mnathamini elimu ya nani.

Upimaji wenyewe wa maji ndio uliotufundisha zaidi, na ndiko tulikokosea pabaya.

Tulianza na hadubini. Watu walileta maji yao kwenye chupa, tukaweka tone chini ya lenzi, na kelele za mshangao zilijaa chumba. Baadaye nilisikia mazungumzo mlangoni: walioona vijidudu vikiogelea walikuwa wanasema maji yao ni sumu, na wasioona kitu walikuwa wanapongezana. Pande zote mbili zilikuwa zimepotoka, na sisi ndio tuliowapotosha. Viumbe wakubwa wanaoonekana wakitembea kwenye tone mara nyingi hawana madhara kwa binadamu, ilhali maji maangavu kabisa yanaweza kubeba bakteria wa kinyesi ambao kwa hadubini ya kawaida huwezi kuwatambua. Ili kuwajua, lazima uwaoteshe: unaweka sampuli kwenye sahani yenye chakula chao, unaiacha kwenye joto la karibu nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi kwa saa 24, kisha unahesabu madoa yaliyojitokeza. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni kwamba bakteria aitwaye E. coli asionekane kabisa katika mililita 100. Basi tukabadilisha utaratibu. Kila aliyeleta maji aliotesha sampuli yake mwenyewe, akarudi kesho yake kuhesabu, na majibu ya kuamulia yakatoka maabara iliyokubali kushirikiana nasi. Kule kurudi kesho yake kulifanya kazi ambayo tangazo lolote lisingeifanya. Mtu aliyelala akiwaza sahani yake hurudi na jirani.

Kosa lilikuja kwenye majibu. Tulikuwa na shauku ya kuwa wazi, tukabandika ukutani orodha ya visima vyote na matokeo yake. Kufikia jioni, mwenye kisima kimoja alikuwa anaonyeshewa vidole. Watu waliacha kuchota kwake, na familia yake ikaona aibu ambayo hawakuistahili. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, na maneno aliyoniambia kwa upole nayakumbuka: nilikuja kuuliza, sikuja kushtakiwa. Tangu siku hiyo hatuchukui sampuli kabla ya kukubaliana nani atapewa majibu, lini, na nani mwingine anaweza kuyaona. Mwenye kisima huambiwa kwanza, ana kwa ana, na haambiwi tatizo bila kuambiwa la kufanya.

Hili la mwisho lina uzito. Ukimwambia mtu maji yake ni machafu kisha ukafunga begi, umemwachia hofu tu. Tulikaa na kila mmoja. Chemsha mpaka yatokote kwelikweli. Pasipo na kuni wala gesi ya kutosha, jua linasaidia: jaza maji kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ilaze kwenye jua kali kwa saa 6, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu mengi, mradi maji yenyewe si ya tope. Kupima tope hakuhitaji chombo. Simamisha chupa juu ya maandishi makubwa ya gazeti, uangalie kutoka juu, na kama huwezi kuyasoma, yachuje kwanza. Tukazungumza pia juu ya visima vyenyewe, kwa nini mvua huviharibu. Maji yanayotiririka juu ya ardhi hubeba uchafu na kuingia kwenye mdomo usio na ukingo wala mfuniko, na choo kilicho karibu huongeza hatari. Mita 30 ndiyo umbali unaotajwa mara nyingi kati ya choo na kisima, ingawa aina ya udongo inaweza kubadilisha hesabu. Hapo mrija wa kioo wa mzee wetu ulieleza zaidi ya kibao chochote.

Kuhusu vielelezo, nitasema machache. Watu hawaji makumbusho mmojammoja, huja na watoto, na shangazi, na marafiki. Watafiti John Falk na Lynn Dierking wameandika kwa miaka mingi jinsi mazungumzo ya kundi lile yanavyobeba sehemu kubwa ya kujifunza. Kwa hiyo jenga meza inayozungukwa na watu wanne, weka viti kwa wazee, na andika kibao ambacho mama anaweza kumsomea mtoto kwa sauti bila kujikwaa. Kama hawezi, kiandike upya.

Vijana wape kazi ya kweli. Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco, Marekani, aliyoianzisha mwanafizikia Frank Oppenheimer mwaka 1969, imetumia vijana wa sekondari kama waelezaji tangu mwanzo. Nimeona kwetu kinachotokea. Mtoto akielezwa na binti wa mtaani kwake, huuliza maswali ambayo kwangu mimi angeyameza.

Ukiwa na mkurugenzi anayesema kazi hii si ya makumbusho, mkumbushe kwamba Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilipopitisha maana mpya ya neno makumbusho jijini Prague mwaka 2022, liliingiza humo ushiriki wa jamii. Na akihofu kwamba watu wa kawaida hawawezi kukusanya takwimu zenye maana, mpe mfano wa hesabu ya Krismasi, ambapo watu wa kujitolea huhesabu ndege wanaowaona katika eneo lao. Ilianza tarehe 25 Desemba 1900 Amerika Kaskazini ikiwa na watu 27 tu, na inaendelea hadi leo. Wanasayansi wanaitegemea kujua ndege gani wanapungua. Siri yake ni kurudi mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo miradi yetu mingi hushindwa, kwa sababu fedha zikiisha nasi tunaondoka. Ni afadhali mradi mdogo wa hadubini mbili unaodumu miaka mitano kuliko tamasha la siku tatu.

Mama yule alirejea kwenye maonyesho ya pili. Nilimwona kwenye foleni akiwa na mjukuu wake na chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kisima chao, ambacho sasa kina ukingo na mfuniko. Ya pili ilikuwa ya kisima cha jirani, hatua chache tu kutoka chao, kilichofunikwa vilevile. Alitaka kujua kwa nini mvua ya juzi ilibadilisha maji ya jirani na ya kwake yakabaki kama yalivyokuwa. Mchimba visima ana dhana yake, mtaalamu wa maabara ana yake, na hazifanani. Tumekubaliana kupima visima vyote viwili kila baada ya mvua kubwa kwa mwaka mzima, na daftari la kumbukumbu anatunza mjukuu.