Transista mpya haziongezi wati

SWALI: Fundi, salamu. Nina amplifaya ya mwaka 1976, wati 40 kila upande kwa spika za omu 8. Upande wa kulia hukatika, nikipandisha sauti unarudi. Nimepata fundi anayesema tuifanye ya kisasa: transista za kutolea sauti ziwe 2SC5200 na 2SA1943, kapasita kubwa za pawasapulai zitoke mikrofaradi 6,800 ziwe 22,000, na IC (chipu) ya priampu, hatua ya kwanza ya kukuza sauti, iwekwe ya kasi zaidi. Anasema itatoa wati 100 na itakuwa safi kuliko ilivyotoka kiwandani. Nimpe kazi?

JIBU: Usimpe, angalau si kazi hiyo. Ugonjwa umeutaja mwenyewe, na katika yote aliyokupangia hakuna hata moja linalougusa. Upande unaokatika kisha ukarudi ukipandisha sauti ni mguso mchafu: rilei ya spika (swichi ndogo ya ndani inayojifunga kwa umeme), swichi ya kuchagua chanzo, au volyumu yenyewe. Chuma cha mguso kimeota utando. Sauti ndogo haina nguvu ya kuupenya, kubwa inaupasua. Zima amplifaya, zungusha swichi ya chanzo na ile ya tepu huku na huku mara ishirini, halafu washa usikilize. Ikitulia siku mbili tatu, mwizi umemkamata, na swichi zinataka dawa ya kusafishia migusano. Isipotulia, shuku rilei. Mpya yenye volti zilezile na mpangilio uleule wa miguu ni kazi ya nusu saa. Mtu akitoa msasa aisugue ile ya zamani, mnyang'anye. Msasa unakwangua madini yaliyopakwa juu, na baada ya miezi michache utakuwa palepale.

Sasa hizo wati 100. Ahadi hii naisikia karibu kila wiki na sijui ni nani aliyeianzisha. Transista haitengenezi nguvu. Transista ni koki, maji yako kwenye tangi. Funga koki pana kiasi unachotaka, tangi halipandi juu hata inchi moja.

Piga hesabu mwenyewe. Wati ni kilele cha volti kikijizidisha chenyewe, halafu ugawe kwa omu zilizozidishwa kwa mbili. Wati 40 kwenye omu 8 ni kilele cha volti 25 hivi, na ndiyo maana ukiweka mita kwenye kapasita kubwa za amplifaya kama yako unakuta volti thelathini na kitu upande wa chanya, na hivyohivyo upande wa hasi. Wati 100 kwenye omu hizohizo zinataka kilele cha volti 40. Hizo volti zitatoka wapi? Transfoma ni ileile. Kuzipata lazima ubadilishe transfoma, na ukiibadilisha, kapasita hazitoshi volti, transista zinazosukuma zile za kutolea sauti hazitoshi, hitisinki (bati la kupoza transista) haitoshi. Ukimaliza, amplifaya uliyokuwa nayo haipo, limebaki kasha. Na faida yenyewe? Kutoka wati 40 kwenda 100 ni desibeli 4. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika kama desibeli 10, yaani wati mara kumi.

Kama hasara ingekuwa kutopata wati tu, ningekuacha ulipe ujifunze. Shida ni kwamba hizo transista zinaweza kuichoma. 2SC5200 ni transista nzuri, mimi mwenyewe naitumia, lakini kasi yake ni megahezi 30. Transista nyingi za nguvu za enzi hizo zilikuwa nzito. 2N3055 za mwanzo, transista iliyotumika sana zamani, zilikuwa chini hata ya megahezi moja. Mchoraji wa saketi alijua uzito huo na akaupimia breki: kikapasita kidogo cha pikofaradi chache kwenye hatua ya kukuza volti, kinachozuia sauti inayorudishwa nyuma, ambayo huchelewa kidogo, isianze kujilisha yenyewe. Ukiweka transista za kasi na breki ukaacha ileile, amplifaya inaweza kuanza kujiimbia yenyewe, kwa sauti iliyo juu mno ya uwezo wa sikio. Hata jina haliaminiki. 2N3055 zilizokuja baadaye zimetengenezwa kwa njia nyingine na zina kasi zaidi, na zimewahi kuzitia wazimu saketi zilizochorewa zile za kwanza. Jina lilelile, namba ileile, mdudu mwingine.

Niliwahi kuletewa moja iliyotoka "kuboreshwa" namna hiyo. Mwenyewe alilalamika kwamba tweeta za spika zake, zile ndogo za sauti nyembamba, zimekufa, zote mbili, kwa wiki moja, ilhali hapigi sauti kubwa. Niliiwasha bila muziki wowote. Kimya kabisa, hakuna mvumo wala mkwaruzo. Ungesema ni nzima. Baada ya dakika tano hitisinki haishikiki. Pale kwenye kutokea spika huwa kuna rezista ya omu 10 imeungana na kapasita ya mikrofaradi 0.1, rezista hiyo ilikuwa imeiva hadi rangi zake hazisomeki, nyeusi kama kaa. Nikaweka osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Badala ya mstari mwembamba nikaona utepe mnene wa mawimbi ya megahezi mbili na ushee. Usiku na mchana ilikuwa inaimba, na chakula chake kilikuwa tweeta. Aliyeifanyia kazi hiyo hana osiloskopu. Alinijibu kwenye simu kwamba aliijaribu kwa sikio ikawa safi.

Ukilazimika kubadilisha transista kwa sababu zimeungua, tafuta yenye kasi inayokaribiana na ya zamani, badilisha jozi nzima, kisha pima upya mkondo wa kutulia, unaopita bila muziki, ule mafundi wanaouita bayasi. Zungusha trima (kirezista kidogo cha kurekebishia mkondo huo) hadi mwanzo kwanza, upande wa mkondo mdogo. Washa kupitia balbu ya kizamani ya waya, ya wati 60 au 100, iliyoungwa mfululizo na umeme (ya LED haifai hata kidogo). Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kitu kimeshikana, zima. Ikififia, pima volti kwenye rezista ndogo za miguu ya transista: milivolti 10 kwenye rezista ya omu 0.33 ni miliampia 30. Thamani sahihi iko kwenye kitabu cha huduma cha modeli yako, haiko kichwani mwa fundi. Trima yenyewe weka mpya. Ile ya miaka hamsini ikipoteza mguso sekunde moja tu, kwenye saketi nyingi mkondo unaruka hadi mwisho na transista zinakwenda na maji.

Kapasita. Hizi kweli huzeeka, maji ya ndani hukauka, na kwa amplifaya ya 1976 sikukatazi kuzibadilisha. Lakini kutoka 6,800 kwenda 22,000 ni kwa nini? Unapobonyeza swichi, kapasita tupu huonekana kwa daiodi kama waya ulioshikana. Ukiitia mara tatu ya ukubwa, mshtuko wa kuwashia unaongezeka, swichi inachomwa kila siku, transfoma inavutwa kwa mapigo makali zaidi. Fyuzi inakatika, na fundi wako, namjua hata kama sijamwona, anaweka fyuzi kubwa zaidi. Weka 6,800 au 10,000, volti zisipungue za zamani, na chagua zinazostahimili nyuzijoto 105 badala ya 85. Huo ndio usasa unaolipa.

IC ya priampu iache. Ya kasi ikikosa kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu yake ya umeme, hadithi ya tweeta inarudi.

Kilichobaki kwenye mashine ya umri huo ni kazi isiyo na sifa: gundi ya manjano iliyogeuka kahawia chini ya kapasita, ambayo ikizeeka huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vifaa, pasta ya joto iliyokauka ikawa unga, solda iliyopasuka mviringo kuzunguka miguu ya transista. Kisha upime volti za DC kwenye kutokea spika, spika zikiwa zimechomolewa. Zikiwa chini ya milivolti 50, lala salama. Hakuna anayejisifu kwa kukwangua gundi, ndiyo maana hakuna anayeitaja kwenye orodha ya bei.

Na hata ukimkubalia, hizo transista anazitoa wapi? 2SC5200 na 2SA1943 ni kati ya namba zinazoghushiwa kuliko zote. Nimepasua za bandia kwa koleo: kipande cha silikoni ndani ni punje, nusu ya ukubwa wa halisi au chini yake. Zinapita kwenye mita, zinacheza vizuri kwa sauti ya sebuleni, na siku ya sherehe zinaondoka na spika. Kapasita nazo vivyo hivyo, kopo kubwa lenye maandishi ya dhahabu na ndani yake kopo dogo limefungwa karatasi. Wale wanaokuambia kifaa kipya kitafunguka sauti baada ya saa mia mbili wanataka tu muda wa dhamana upite na sikio lako liwe limeshazoea.

Kama hukuwahi na ameshaanza, usigombane naye. Mwambie akurudishie transista za zamani zote nne, zikiwa zimeandikwa ipi ilitoka kulia na ipi kushoto. Kwa dalili ulizonipa, bado ni nzima.