Re: Hakuna panya hata mmoja mwenye nakala zote mbili zilizozimwa

Nimekuelewa: umepandisha panya wenye nakala moja ya jeni iliyozimwa, na kati ya watoto 60 waliofika umri wa kuachishwa ziwa, hakuna mwenye nakala mbili zilizozimwa. Ulitarajia robo, yaani kama 15, kwa hiyo si bahati mbaya. Ila usiandike bado kwamba wanafia tumboni. Panya mama hula watoto waliokufa, hivyo pima jeni za watoto siku ile ile wanapozaliwa.

Wakikosekana hapo pia, kagua majike kila asubuhi uone kizibo ukeni, yaani shahawa iliyoganda, dalili kwamba jike amepandwa usiku. Adhuhuri ya siku hiyo huhesabiwa kuwa siku ya 0.5 ya mimba. Ningeanza na siku ya 9.5, moyo ukiwa tayari unadunda, kisha niende siku za baadaye au za mapema kulingana na nilichoona. Pimia jeni kwenye mfuko wa kiini (utando unaozunguka kiinitete) uliosafishwa vizuri: tishu ya mama ikibaki humo, kiinitete kisicho na jeni kitasomeka kama kina nakala moja nzima.

Nakusihi, usitupe kondo la nyuma. Wengi hukimbilia moyo wa kiinitete, kumbe kondo ndilo lililoshindwa kukilisha. Ukilishuku, tumia panya wa Sox2-Cre, wenye kimeng'enya (Cre) kinachokata jeni iliyowekewa alama maalumu: huizima jeni kwenye kiinitete, ila huiacha ikifanya kazi kwenye sehemu kubwa ya kondo. Cre hiyo itoke kwa baba. Ya mama huanza kazi tangu kwenye yai, hivyo ingezima jeni hata kwenye kondo.

Kabla ya kupasua jike mwenye mimba, hakikisha kibali chako cha maadili kinataja hatua hiyo, na umwone daktari wa wanyama wa maabara.