Ukipiga dayati Dodoma, anza na dumu la mafuta

Wengi wanaotaka kupunguza kitambi huanza kwa kuupiga vita ugali. Wanakata tonge, wanakula mlo mmoja, siku ya nne wanaamkia supu na chapati tatu. Ugali hauna kosa kubwa kiasi hicho. Unga wa gramu 100 una kalori kama 360, na usijidanganye kwamba mtama au uwele unapunguza mwili: nyuzinyuzi zake zinakushibisha kwa muda mrefu zaidi, lakini kalori ni karibu zilezile. Pima unga kabla ya kusonga, gramu 100 hadi 120 kwa mtu mmoja, halafu uache ugali wa watu.

Shida iko kwenye dumu. Huku kanda ya kati alizeti ni zetu, mafuta tunanunua kwa lita tano na kumimina kwa macho. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Sasa piga hesabu: nyumba ya watu watano, kila mmoja vijiko viwili kwa siku, ni mililita 150. Kwa mwezi ni lita nne na nusu. Dumu la lita tano, basi, linatakiwa kuvuka mwezi. Likikata siku ya kumi na tano, kila mmoja anakula zaidi ya vijiko vinne, yaani kalori karibu 290 za ziada ambazo hakuna aliyeziona sahanini. Kutembea nusu saa hakuzimalizi.

Kwa hiyo siku unayofungua dumu, andika tarehe ubavuni kwa maka peni. Mafuta ya siku yamimine asubuhi kwenye kichupa kidogo; yakiisha, yameisha. Mchuzi wa watu watano unaungika vizuri kwa vijiko vitatu, mradi kitunguu kikaangwe kwa moto mdogo na kuongezewa maji kidogo kikianza kushika. Mlenda hauhitaji mafuta kabisa. Kinachouponza ni karanga: kiganja kimoja, gramu 30 hivi, ni kalori 170, na mpishi mkarimu hatii kiganja kimoja.

Wanaoshinda maofisini Mtumba wana mtihani wao wa mchana. Kwa mama ntilie sema mapema, kabla hajapakua: “Mama, wali nusu, maharage na mboga ongeza.” Akishapakua, utakula chote. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai. Hiyo acha tu, haina mjadala.

Saa moja jioni ndipo nidhamu inapovunjika, mtu anashuka kwenye daladala na njaa na chipsi mayai inanukia pembeni. Hapo kujikaza hakusaidii. Kinachosaidia ni mayai mawili ya kuchemsha yaliyoliwa saa kumi, na maharage yaliyochemshwa Jumapili yakakaa kwenye friji. Kama huna friji, dagaa wakavu waliochambuliwa wanapikika upesi.

Mazoezi nayo yana hila za hapa. Jua letu linachelewa: mwezi Julai huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika hamsini, na baridi ipo. Anayepanga kukimbia saa kumi na moja na nusu anakimbia gizani na mbwa, na ndani ya wiki ameacha. Panga jioni, au asubuhi nenda kukishapambazuka na kuna watu. Desemba hadi Aprili mvua ikinyesha, fanya ndani: kuchuchumaa na kuinuka mara 12, pushapu 8 (magoti chini kama bado huwezi), kubeba madumu mawili ya lita kumi na kutembea nayo uani dakika moja. Rudia mizunguko mitatu, mara mbili kwa wiki.

Anayeanza kukimbia, dakika moja mbio, mbili kutembea, mara kumi. Mapafu huzoea haraka kuliko mifupa na kano, ndiyo maana wiki ya pili mtu anajiona shujaa, ya tatu anachechemea kwa maumivu ya ugoko. Usiongeze muda kabla ya wiki mbili.

Mzani nao unavunja mioyo. Wiki ya kwanza kilo mbili zinaweza kutoka, nyingi yake ni maji, kisha unasimama. Pima asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya chai, siku tatu kwa wiki, chukua wastani. Nusu kilo kwa wiki ni kazi nzuri. Kwa wanawake, linganisha wiki na wiki ileile ya mzunguko uliopita, maana kabla ya hedhi mwili hushika maji.

Na kwa anayetumia dawa za kisukari: usipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wako. Dozi ilipangwa kwa mlo wa zamani, na sukari inaweza kushuka ghafla ukiwa katikati ya mazoezi.