Maswali ya Wasomaji: Bafle Ndogo kwa Kompyuta Mpakato

Barua tatu za mwezi huu zimegusa jambo moja, nami nimeona afadhali nizijibu pamoja. Neno la vitabuni ni spika, lakini hapa Lubumbashi wengi wetu tunasema bafle, kwa hiyo nitayatumia yote mawili bila ubaguzi.

*Ndugu Fundi, jambo sana. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na nimepanga chumba upande wa Kassapa pamoja na wenzangu wawili. Tunasikiliza masomo yaliyorekodiwa kwa kompyuta mpakato moja, lakini sauti yake ni ndogo mno, hata tunakusanya vichwa kama kuku kwenye sahani ya maji. Umeme unakatika karibu kila jioni. Tumechanga dola 25. Muuzaji mmoja wa mjini ametuonyesha bafle tatu: ya kwanza ina nyaya mbili, mmoja wa USB na mwingine wa jeki; ya pili ina waya wa USB peke yake; ya tatu ni ya Bluetooth yenye betri ndani. Anasema zote ni nzuri. Tuchukue ipi? (Mwanafunzi, Kassapa)*

Ndugu mwanafunzi, muuzaji huyo hakudanganya aliposema kwamba zote ni nzuri. Kosa lake ni kwamba hakuwauliza swali ambalo jibu lake ndilo linalochagua bafle: umeme unapokatika jioni, kompyuta yenu inadumu kwa betri yake muda gani? Shikeni jibu hilo, tutalirudia.

Kabla dola hizo hazijatoka mfukoni, chomekeni hedifoni za simu kwenye kompyuta na msikilize somo lile lile linalowasumbua. Sauti ikiwa safi na ya kutosha, basi udhaifu uko kwenye spika za kompyuta yenyewe, ambazo huwa nyembamba na mara nyingi hutazama chini, zikawa zinaihutubia meza au, vibaya zaidi, godoro. Ikiwa hata kwenye hedifoni mwalimu anasikika kama yumo ndani ya pipa, aliyerekodi aliweka simu mbali, na hakuna bafle itakayoyarudisha maneno ambayo hayakuingia. Rekodi ikiwa safi ila iko chini tu, programu ya VLC, ambayo ni ya bure, inaruhusu kupandisha sauti kupita asilimia 100, na huenda mchango wenu ukabaki salama.

Tuje kwenye bafle zenyewe. Ile ya nyaya mbili hupata umeme kwa USB na sauti kwa jeki ya milimita 3.5, ile ile ya hedifoni. Ni rahisi kwa bei, inatumika na karibu kila kifaa, na ina ugonjwa mmoja ambao nimeusikia mezani kwangu mara nyingi: kompyuta ikiwa kwenye chaja, nyuma ya maneno kunatokea mlio mwembamba, kama mbu aliyefunikwa kwa kikombe, unaopanda na kushuka kila faili inapofunguliwa au kipanya kinaposogezwa. Watu huniletea bafle hiyo wakisema imeungua, kumbe ni nzima. Kwa kuwa nyaya zote mbili zinatoka kwenye kompyuta moja, zinafanya mzunguko, na kelele za umeme wa ndani ya kompyuta zinapita katika mzunguko huo na kuingia kwenye sauti. Mbele ya mwenye bafle ninaichomoa ile USB kwenye kompyuta, ninaichomeka kwenye pawabenki, na jeki ninaiacha mahali pake. Mara nyingi mbu ananyamaza papo hapo, na mwenye bafle anabaki akinitazama kama kwamba nimefanya uganga.

Ile ya waya mmoja wa USB haina maradhi hayo, kwa sababu sauti inasafiri kama tarakimu hadi ndani ya bafle na kugeuzwa kuwa mawimbi huko huko, mbali na kelele za kompyuta. Windows na Linux huitambua kwa kawaida bila programu ya ziada. Haina betri ya kuzeeka wala ya kusubiri ijae. Hasara yake ni kwamba redio na simu nyingi haziwezi kuitumia, basi mkiwa na nia ya kuipeleka pia kwenye sherehe na simu mkononi, mtakwama.

Ya Bluetooth ina uhuru wake: inasimama penginepo chumbani, hadi mita 10 hivi pasipo ukuta, na inakula umeme wake yenyewe. Lakini nayo ni kifaa cha tatu cha kuchajiwa baada ya simu na kompyuta, na katika nyumba ambayo umeme unakuja usiku wa manane, kila kifaa cha kuchaji ni mtu mwingine kwenye foleni ya soketi. Mkiichukua, hakikisheni ina tundu la jeki pia, kwa sababu aina kadhaa mpya zimeliondoa. JBL Go 3, kwa mfano, haina.

Sasa lile swali la betri. Tundu la USB 2.0 linatoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5 basi, la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani lina ulimi wa buluu, linafika wati 4.5. Tuseme betri ya kompyuta yenu ina wati-saa 45, yaani inaweza kutoa wati 45 kwa saa moja, na kompyuta yenyewe inakula wati 12: itadumu saa 3 na dakika 45. Ongezeni bafle ya USB inayokula wati 2 bila kupumzika, na muda unashuka hadi saa 3 na dakika 13 hivi. Mmepoteza nusu saa, na hesabu hiyo ni ya sauti iliyopandishwa sana. Kwa sauti ya kawaida ya chumbani bafle inakula pungufu. Kwa hiyo hofu ya kwamba bafle ya USB itamaliza betri ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Hata hivyo kompyuta nyingi tunazonunua hapa ni za okazio, yaani zilizokwisha kutumika, na betri zake zimekwisha kuchoka kabla hazijafika mpakani Kasumbalesa. Kama yenu inazima dakika arobaini baada ya umeme kukatika, kila wati ina thamani, na hapo bafle yenye betri yake ndiyo yenye akili.

Msisumbuke kutafuta mdundo mzito. Kinachotofautisha neno na neno ni konsonanti, na zile kama s, sh na f zina nguvu yake katika masafa ya juu, ya maelfu ya hezi (mitetemo kwa sekunde), ambayo hata spika ya upana wa sentimita 4 inayamudu. Ngoma za chini ya hezi 100 hazitoki vizuri kwenye kikopo cha ukubwa wa ngumi, na bafle inayojifanya inazitoa mara nyingi huyafunika maneno. Kipimo changu hakina gharama: tafuteni katika rekodi zenu mahali ambapo mtu anasema «kushika» na mahali anaposema «kufika». Kama inabidi mkisie kwa maana ya sentensi ni lipi limesemwa, irudisheni bafle hiyo kwa mwenyewe.

Nendeni na kompyuta yenu, na nendeni asubuhi mapema. Saa sita mchana, kwenye maduka ya Kenya, ile komini (wilaya) ya hapa mjini, kila mlango una muziki wake, na katika makelele hayo bafle nzuri husikika dhaifu na ile inayopiga kelele husikika bora. Ndivyo watu wengi wanavyorudi nyumbani na kitu ambacho chumbani hakivumiliki. Pandisheni sauti hadi theluthi mbili, si mwisho, na mguse sanduku kwa kidole mkisikiliza kama kuna kitu kinachotetemeka. Kisha mjaribu huku kompyuta ikiwa kwenye chaja, kumtafuta yule mbu.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe ni umbali. Ukipunguza umbali kwa nusu, ni kama umezidisha nguvu mara nne: bafle ya wati 2 iliyo nusu mita kutoka masikioni inakufikia sawa na ya wati 8 iliyo mita moja, ingawa kuta za chumba hupunguza kidogo tofauti hiyo. Watu watatu kwenye meza moja, bafle katikati ikiwatazama usoni, hawahitaji zaidi ya hapo. Ila mvua ya Januari ikianza kupiga mabati, zimeni tu; sijaona bafle ya dola 25 inayoshindana na mabati.

Uamuzi wangu, basi: kompyuta yenu ikidumu saa mbili au zaidi kwa betri yake, chukueni ile ya waya mmoja wa USB. Ikidumu pungufu ya saa moja, chukueni ya Bluetooth yenye tundu la jeki. Ikiwa kati ya hapo, angalieni mfuko. Ile ya nyaya mbili ningeichukua tu kama mna pawabenki, au kama bei yake inawaachia cha kununua mkate.

*Fundi, mimi ni kiongozi wa kwaya huko Katuba. Ninawafundisha wanakwaya sauti nne kwa kinanda cha USB kilichounganishwa na kompyuta. Nilinunua bafle ya Bluetooth, lakini kila nikibonyeza, noti inachelewa kutoka, na wanakwaya wananicheka. Ajabu ni kwamba nikionyesha filamu kwa bafle hiyo hiyo, midomo na maneno vinakwenda pamoja. Je, nimeuziwa bovu? (Kiongozi wa kwaya, Katuba)*

Baba, bafle yako ni nzima, na wanakwaya wako wana haki ya kucheka. Bluetooth huikusanya sauti, huibana, huituma vipande vipande, kisha upande wa pili huifungua tena, na kazi hiyo mara nyingi huchukua kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde. Programu ya filamu inaufahamu ucheleweshaji huo na inaichelewesha picha vivyo hivyo, ndiyo maana hukuona kasoro. Kidole chako hakuna awezaye kukichelewesha. Sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kubonyeza kinanda hapa huku spika yake imesimama mita 68 kutoka ulipo. Hakuna mwalimu wa kwaya anayeweza kuongoza besi na soprano namna hiyo.

Unganisha kwa waya wa jeki, ikiwa bafle ina tundu lake, na sehemu kubwa ya uchelewaji itaondoka. Ukisikia uchelewaji mdogo bado umebaki, huo unatoka kwenye programu ya kinanda, na unapunguzwa katika mipangilio yake ya sauti. Kama bafle haina tundu la jeki, iache kwa ajili ya filamu.

Na kwa kuwa kwaya hukaa ukumbini, sijakushauri kikopo cha mezani. Ukinunua bafle kubwa zaidi ya kuchomeka ukutani, tazama plagi: nyingi zinazovuka kutoka Zambia zina meno matatu ya bapa, yasiyoingia kwenye soketi zetu za matundu ya duara. Adapta iliyokaza vizuri inatosha, ila ile inayolegea ndiyo inayounguza soketi.

*Mwanangu alinunua bafle ndogo iliyoandikwa wati 3000, tena IPX7, akaambiwa haiharibiki. Kiangazi hakijaisha, sauti imekuwa ya kukwaruza. Tumeibiwa? (Mama wa Ruashi)*

Mama, pole. Kwa upande wa wati, ndiyo, mmeandikiwa uongo. Resho ya umeme ya kupikia yenyewe haifiki wati 3000, nayo inachemsha sufuria ya maharagwe; sasa kikopo hicho kingezitoa wapi? JBL Go 3 ya kweli, iliyotengenezwa kwa uangalifu, inatangaza wati 4.2 tu, na betri ya wati-saa 2.7. Nimewahi kufungua bafle moja ya namna hiyo ya maelfu: kati ya spika mbili zilizoonekana nje, moja ilikuwa kifuniko kitupu kilichogundishwa, na ndani ya ile nyingine mlikuwa na koili ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Shaba yetu inaondoka na malori mazima, Mama, inaturudia gramu moja moja.

Kwa upande wa IPX7, huenda hawakudanganya, lakini hamkuelezwa. Namba 7 inahusu maji: kifaa kinavumilia kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Herufi X imekaa mahali pa namba ya vumbi, na maana yake ni kwamba kwa vumbi hakikupewa daraja lolote. Hapa kwetu, kutoka Mei hadi Oktoba, bafle haikutani na mto, inakutana na vumbi jekundu. Safari nyingine mtafute IP67, ambayo 6 yake inasema vumbi haliingii.

Kwa sasa, iinamisheni bafle uso chini, mpige brashi laini na kavu juu ya wavu wake, taratibu, bila kupuliza kwa mdomo wala kwa pampu, maana pumzi huleta unyevu na pampu huyasukuma mavumbi hadi kwenye koili. Mkwaruzo ukibaki, koili imekwisha guswa, na kuitengeneza kutawagharimu kuliko kununua nyingine. Na mtoto akiona imevimba ubavuni au inapata moto ikiwa kwenye chaja, asiichaji tena hata mara moja.