Dari ya gari inayoning'inia: ishushe kabisa

Kaka, umeuliza kama unaweza kupuliza gundi nyuma ya kitambaa kilicholegea bila kushusha dari ya Corolla yako. Usifanye hivyo. Kilichokufa hapo ni sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa. Joto limeigeuza unga, na gundi haishiki unga.

Chomoa kwanza waya hasi wa betri, hasa kama gari lina eabegi (mifuko ya hewa ya kinga) za pembeni. Fungua na utoe taa za darini, vizuia jua na vishikio, laza viti, toa ubao wa dari (ule mgumu uliobandikwa kitambaa) kupitia mlango mpana kuliko yote. Mshike wawili, maana ukivunjika mkunjo hautoki.

Kazi yenyewe ni kusugua. Vaa barakoa, bandua kitambaa, piga ubao brashi laini mpaka kiganja kisitoke na vumbi. Mimi mara ya kwanza niliharakisha hapa, malengelenge ya kitambaa yakajitokeza darini, juu ya kiti cha dereva, nikarudia yote.

Nunua kitambaa chenye sponji yake na gundi inayostahimili joto. Paka gundi kwenye ubao na nyuma ya kitambaa, subiri mpaka isinate kidoleni, bandika nusu kwa nusu ukianzia katikati. Matundu ya taa kata mwisho.